Naomba ushauri: maji hayanifikii mwisho wa mfereji Mwea

Habari zenu wanagroup, naombeni ushauri wakulima wenzangu hasa nyinyi wa Mwea. Shamba langu la mpunga, ekari moja, liko mwisho kabisa wa mfereji. Nilidhani tangu bwawa la Thiba lifunguliwe 2022 shida ya maji imeisha, na kweli wenzetu wa juu wako sawa, lakini huku chini maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yakishagawanywa yanafika usiku kama uzi halafu asubuhi yamekata. Ule udongo mweusi umepasuka mpaka kidole kinaingia chote. Miche ya pishori kwa kitalu iko siku 35 sasa, nchani imeanza kuwa njano, inaniuma sana.

Nimeongea na kiongozi wa maji wa laini yetu mara mbili, tumefyeka nyasi na kuzoa matope kwa mfereji, bado.

Sasa nauliza, miche ya umri huu bado inafaa kupandikizwa ama nimwage mbegu upya? Na kuna mtu ashavuta maji ya ule mtaro wa kutolea maji na pampu ndogo, mpunga ulikubali ama chumvi iliusumbua? Nijibuni mapema tafadhali, zamu yetu ni Alhamisi.