Mjadala: Mbio za kila wiki za magari ya sprinti, nani kinara kati ya Pennsylvania, Iowa, Ohio na Indiana?

Udongo Mfinyanzi

Wakuu, swali ni hili: ukiweka kando yale mashindano makubwa yanayokuja mara moja kwa mwaka, ni eneo gani la Marekani lenye mbio bora za magari ya sprinti wiki baada ya wiki? Nasisitiza wiki baada ya wiki, maana ukitaja tu Knoxville, uwanja wa Iowa, watu wanaanza kuzungumzia Nationals, mashindano yake makubwa ya Agosti, na hizo ni usiku nne kati ya msimu mzima.

Kwa wageni wa mchezo huu: gari la sprinti halina klachi, giaboksi wala stata. Injini yake ni V8 ya inchi za ujazo 410, karibu lita 6.7. Inatumia methanoli, haina kompyuta ya kupima mafuta, na inatoa takriban nguvu farasi 900. Uzito wa gari pamoja na dereva ni kama kilo 640. Juu lina bawa la futi 25 za mraba, puani lina jingine la futi 6. Pikapu hulisukuma kwa nyuma. Dereva anasubiri presha ya oili ipande, ndipo anafungua mafuta na kuwasha moto. Mbio ni kwenye udongo, kona zote kushoto.

Msimamo wangu ni Pennsylvania ya kati. Ijumaa kuna Williams Grove, uwanja wa nusu maili uliofunguliwa 1939. Jumamosi kuna Lincoln pale Abbottstown, au Port Royal, au Selinsgrove. Vyote viko ndani ya kilomita 100 kutoka Williams Grove, na Lincoln ni chini ya kilomita 50. Timu inakimbia usiku mbili, inarudi kulala nyumbani, na Jumatatu fundi yuko kazini kwake. Ndiyo maana madereva kama Lance Dewease, Danny Dietrich, Freddie Rahmer na Anthony Macri wameweza kubaki pale pale na bado wakawashinda World of Outlaws, safu ya kitaifa inayozunguka nchi, wanapopita. Kundi hilo la wenyeji linaitwa Pennsylvania Posse, na mgeni akija Williams Grove anajua kabisa kwamba hatakabidhiwa ushindi.

Nusu Maili

Mkuu, wingi wa viwanja ni jambo moja, ubora wa usiku mmoja ni jingine. Nipe Jumamosi moja ya kawaida ya Juni pale Knoxville, Iowa, nami nitakuachia wikiendi yako nzima ya Pennsylvania.

Kwanza, udongo. Knoxville una udongo mweusi mzito, wa jamii ya ule wa mbuga unaokwamisha magari kwetu masika. Ukilowekwa vizuri unashika maji hadi chini. Juu unaweza kukauka na kuanza kuteleza, lakini unyevu wa chini unaendelea kupanda, ndiyo maana fainali mara nyingi inakuwa na njia mbili au tatu za kupita: chini kwenye ukingo wa ndani, katikati, na juu karibu na ukuta.

Pili, utaratibu. Kila gari linapimwa muda, halafu mbio za mchujo zinapangwa kwa kugeuza: wenye kasi wanaanza nyuma. Kwa hiyo lazima uwe na kasi peke yako na pia ujue kupita watu. Pennsylvania usiku wa kawaida mara nyingi hakuna kupimwa muda kabisa.

Tatu, madaraja. Usiku mmoja unaona magari ya injini za inchi 410, 360 na hata 305. Kijana anaanza na injini ndogo kwenye uwanja uleule ambao atakimbia akikua, mbele ya watazamaji walewale. Danny Lasoski alikuwa mtu wa Missouri, lakini alishinda zaidi ya mara 100 Knoxville. Watu huvuka mpaka wa jimbo kuja kwenye uwanja huo kila wiki.

Udongo Mfinyanzi

Hapo kwenye kupimwa muda naomba tuelewane. Pennsylvania wanampanga dereva kwa rekodi yake ya karibuni: aliyevuna sana wiki zilizopita anawekwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba bingwa anaanza fainali ya mizunguko 25 akiwa nafasi ya kumi au zaidi, na ili ashinde lazima apite magari ya watu wanaoujua uwanja kama yeye. Hakuna gari moja linalopata mzunguko mzuri saa moja jioni udongo ukiwa mbichi, halafu likastarehe mbele usiku kucha. Kwa mtazamaji wa kila wiki huu ndio mpango bora.

Nawe hujagusa suala la Ijumaa. Anayeishi karibu na Knoxville akitaka kukimbia mara ya pili wikiendi hiyohiyo aende wapi? Uwanja wa Huset's wa South Dakota una Jumapili nzuri sana, ila ni karibu kilomita 500.

Bisi na Spana

Naongea upande wa gereji, kwa sababu mjadala huu ukiachiwa watazamaji peke yao tutasahau nani anazileta gari uwanjani.

Injini mpya ya 410 ni dola 60,000 au zaidi, na lazima ifunguliwe na kukarabatiwa mara kadhaa kwa msimu. Uwanja wa nusu maili unaitesa kuliko mwingine wowote: dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho muda mrefu, mizunguko ya injini iko juu, na springi za vali zinachoka mapema. Ikifyatuka springi moja, vali inagonga pistoni, na hapo umepoteza injini nzima. Viwanja vya theluthi ya maili vinakusamehe zaidi.

Ndiyo maana mimi naitetea Ohio ya kaskazini. Ijumaa uwanja wa Attica, Jumamosi wa Fremont, vyote theluthi ya maili, umbali wa chini ya kilomita 60. Vipimo vya gari vinakaribiana, kwa hiyo ulichojifunza Ijumaa unakitumia Jumamosi. Angalia mtu wa Pennsylvania anavyohangaika akitoka Williams Grove kwenda Lincoln, kutoka nusu maili hadi tatu ya nane ya maili:

Gia za nyuma lazima zibadilishwe. Hilo ni jepesi: unafungua kifuniko cha nyuma ya difu, unatoa gia mbili, unaweka mbili nyingine, dakika chache umemaliza. Ukikosea uwiano ukaweka mrefu mno, gari linakuwa zito kila linapotoka kona; ukiweka mfupi mno, injini inapiga kelele katikati ya mnyoofu na haina pa kwenda.

Kazi ngumu ni tairi. Tairi ya nyuma kulia ina mzingo wa inchi 105 hivi na upana wa inchi 16; ya kushoto ni ndogo kwa makusudi. Tofauti ya mizingo hiyo ndiyo inayolipeleka gari kushoto, kwa sababu ekseli ya nyuma ni moja na magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Udongo ukinata unahitaji tofauti kubwa ili gari likubali kukata kona. Udongo ukianza kuteleza unaipunguza, la sivyo nyuma inakutangulia ukikanyaga mafuta. Upepo wenyewe ni kidogo mno, psi 8 hadi 12 upande wa kulia na chini ya hapo kushoto. Tairi ikipata joto upepo unapanda, ndiyo maana kuna vivalvu vidogo vya kuutoa wakati gari liko mbioni. Kivalvu kikiziba kwa tope, tairi inavimba, mzingo unabadilika, na dereva anarudi akilalamika kuwa gari limegeuka jingine katikati ya fainali. Watu wengi wanaanza kubadilisha toshenibaa (vyuma vinavyofanya kazi ya springi) na shokapu kumbe kosa ni kivalvu. Kabla hujagusa chochote, chukua futi ya kamba upime mzingo wa tairi ikiwa bado moto.

Bila Bawa

Wote mnazungumzia magari yenye bawa, na bawa linafunika makosa ya dereva. Njooni Indiana. Injini ni ileile ya 410, ila hakuna kitu juu kinachokandamiza gari chini. Viwanja vya Bloomington na Gas City ni robo maili. Lincoln Park ya Putnamville ni kubwa kidogo. Lawrenceburg ni tatu ya nane ya maili na kona zake zimeinama sana. Huko mguu wa kulia ndio unaokata kona: ukiachia mafuta nyuma inashika, ukiongeza nyuma inatanuka. Dereva anafanya hivyo mara mbili tatu ndani ya kona moja.

Kwenye kupita, hamna cha kutushinda. Gari lenye bawa likifuata jingine kwa karibu linaingia kwenye hewa iliyovurugwa na gari la mbele, bawa linapoteza kazi yake, na pua inasukumwa nje. Aliye mbele anafaidika kwa kuwa mbele tu. Bila bawa unaweza kumfuata mtu hadi kwenye bampa, ukajirusha chini yake kuingia kona, ukaongoza mita 50, naye akakurudishia kutokea juu. Wiki ya USAC (chama cha mbio za magari cha Marekani) ya kuzunguka viwanja vya Indiana, iliyoanza 1988, imekuwa hivyo miaka yote.

Nusu Maili

Ndugu, wiki hiyo ya USAC ni tukio la kila mwaka, na tulikubaliana kuyaweka kando. Kokomo, uwanja mnaousifu kuliko vyote, siku hizi hukimbiza tarehe chache za kuchagua. Hapo "kila wiki" iko wapi?

Bila Bawa

Ratiba ya Kokomo imepungua, ni kweli. Lakini Ijumaa na Jumamosi bado unachagua kati ya viwanja kadhaa, na magari ni yaleyale ya 410.

Trekta la Maji

Hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu anayeamua kama usiku utakuwa mzuri au mbaya: anayetengeneza uwanja. Kwa maoni yangu eneo lolote kati ya haya manne linaweza kuwa la kwanza Jumamosi hii na la mwisho Jumamosi ijayo kwa sababu yake.

Kazi inaanza siku moja au mbili kabla. Unachana udongo kwa jembe la trekta ili maji yaingie ndani, unamwaga, unasubiri yanywewe, unamwaga tena, halafu unashindilia kwa rola yenye meno ili unyevu ubanwe chini. Mwisho magari ya mbio yenyewe yanazungushwa polepole kukandamiza uso. Makosa yanayorudiwa ni matatu.

La kwanza ni kumwaga maji mengi saa za mwisho bila kuchana. Maji yanakaa juu, yanatengeneza ngozi. Magari ya kwanza yakipita ngozi inabanduka vipandevipande, chini ni pakavu, na mashimo yanaanza pale pa kuingilia kona. Gari la sprinti likidondosha gurudumu la kulia kwenye shimo huku bawa linalisukuma chini, linapinduka. Na tope linaloruka linajaa ndani ya rimu: gurudumu linapoteza mizani na gari linatetemeka mnyoofu wote. Vifuniko vya rimu na wavu wa rejeta ni vitu vya kufunga kabla ya mazoezi, si baada ya kuona joto limepanda.

La pili ni jua. Juni na Julai jua linachelewa kuzama, na mbio zinaanza bado linachoma. Ukimwagia kwa kipimo cha Aprili, mchujo wa pili tu uwanja umeng'aa kama sakafu.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Udongo ukikauka ukawa mkali, unaparua tairi, mpira unabaki chini na kujenga mstari mweusi. Mstari huo una mshiko kuliko sehemu yoyote, kila mtu anaukalia, na kupita kunakwisha. Ukiona mstari umeanza, dereva hana dawa zaidi ya kulirudisha bawa nyuma kwa wenzo wa ndani na kuilinda tairi ya kulia, maana hiyo ndiyo itakayopasuka. Mwenye uwanja anayo dawa: asimamishe kabla ya fainali, achane, amwage, ashindilie upya. Inachukua nusu saa au zaidi, watazamaji wananung'unika, na wengi wanakosa ujasiri. Kwa kipimo hiki nawapa Knoxville kura. Udongo wao unavumilia kosa dogo.

Bisi na Spana

Trekta la Maji umesema kweli tupu. Naongeza pesa. Tangu 2023 kuna High Limit, safu ya madereva Kyle Larson na Brad Sweet, na Outlaws wapo tangu 1978. Zawadi kubwa za safu hizo zinawavuta madereva wazuri nje ya viwanja vyao vya nyumbani. Eneo lenye vinara watatu tu likiwapoteza, Jumamosi inapwaya. Attica na Fremont tumelisikia hilo.

Udongo Mfinyanzi

Hapo ndipo hoja yangu iliposimama tangu mwanzo. Pennsylvania wakiondoka watano wa juu, fainali ya Ijumaa bado ina watu waliowahi kushinda Williams Grove. Wingi wa magari yanayoweza kushinda ndicho kipimo changu cha kwanza, udongo ni cha pili. Na msimu ni mrefu: Lincoln hufungua Februari kukiwa bado na baridi, mbio zinaendelea hadi Oktoba. Knoxville huanza Aprili.

Doa letu ni Jumamosi. Lincoln, Port Royal na wakati mwingine Selinsgrove vinagawana magari usiku mmoja. Anayetaka kuona kupita kwingi aende Lincoln, kona ni za karibu na zinakuja haraka; anayetaka kasi aende Port Royal, ila atazame hali ya hewa ya mchana kwanza, kwa sababu nusu maili iliyokauka mapema inageuka msafara.

Nusu Maili

Basi sisi wa Iowa hatuna tatizo hilo. Jumamosi yetu ni moja, na magari yote yako hapo.