Mkataba wa kazi za ndani Uarabuni usio na kifungu cha simu usisainiwe. Mnasemaje?

Wadau, msimamo wangu nautaja mapema. Binti anayekwenda kufanya kazi za ndani Oman, Saudia, Kuwait au Falme za Kiarabu asipande ndege kama mkataba wake hausemi wazi kwamba simu ni yake na inakaa kwake, na kwamba likitokea la kutokea yupo mtu, kwa jina na namba, anayewajibika kuijulisha familia ndani ya muda uliotajwa. Najua wapo wanaopinga, na baadhi yao nawaheshimu.

Mwaka juzi mpwa wangu alikwenda Muscat. Mkataba niliushika kwa mikono yangu: karatasi sita, Kiarabu upande wa kulia, Kiingereza upande wa kushoto. Mshahara umo, siku ya mapumziko imo, tiketi ya kurudi imo. Kuhusu mawasiliano palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba mfanyakazi ataruhusiwa kuwasiliana na familia yake "kwa nyakati zinazofaa". Zinazomfaa nani? Nilimuuliza wakala, akanijibu, "Mjomba, hilo la kawaida, mikataba yote iko hivyo." Nikasaini kama shahidi. Linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa nne akawa kimya. Meseji tiki moja, siku kumi na saba. Ofisi ya wakala wanasema ngojeni Jumatatu; Jumatatu wanasema kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, hapokei. Dada yangu alikuwa analala na simu kifuani. Siku ya kumi na nane ikaingia namba inayoanza na 968, ngeni. Alikuwa ni yeye, kaazima simu ya mama wa Kifilipino anayefanya kazi nyumba ya pili. Alikuwa amepasuliwa kidole tumbo, amelazwa siku tano, amerudishwa kazini. Simu yake ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mama mwenye nyumba, ati asije akawapiga picha watoto. Aliongea dakika tatu kwa kunong'ona.

Niseme haki: hakupigwa, na mshahara wake alilipwa. Lakini mtoto wa watu kapasuliwa tumbo mama yake hana habari, na ukiusoma ule mkataba, hakuna aliyeuvunja.

Pengo hili halipo kwenye karatasi ya wakala mmoja tu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, una orodha ya mambo ambayo mfanyakazi anapaswa kujulishwa kabla ya kuanza kazi: jina na anwani ya mwajiri, aina ya kazi, malipo, saa za kazi, likizo, chakula na malazi, namna ya kurudishwa kwao. Kifungu cha 9 kinampa haki ya kukaa na pasi yake. Simu haikutajwa. Namba ya simu ya msaada, yenye wakalimani, inatajwa kwenye Pendekezo namba 201 lililoandamana nao, na pendekezo halimfungi mtu.

Waliojaribu kuliziba ni Wafilipino. Februari 2018 mwili wa mfanyakazi wao ulikutwa ndani ya friza Kuwait. Serikali yao ikasimamisha kupeleka watu, na tarehe 11 Mei mwaka huohuo nchi mbili hizo zikasaini makubaliano yaliyosema mfanyakazi asinyang'anywe pasi wala simu. Kumbe inawezekana kuandikwa!

Hoja ninayoisikia sana ni siri za nyumba. Siidharau, hata mimi nisingependa picha za wanangu ziende nisikokujua. Basi mkataba ukataze picha, na mwajiri akitaka, binti apewe kiswaswadu kisicho na kamera. Tena kwa kupiga kinafaa zaidi, maana Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka. Kinachoogopwa ni kamera, sasa sauti ya mtoto kwa mama yake inafungiwa kabatini ya nini?

Wengine wanasema tukikaza masharti, waajiri watachukua mabinti wa Uganda na Ethiopia. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli, na kuna familia zinakula kwa mshahara huo. Wakala mmoja mmoja akikaza peke yake atakosa wateja. Ndiyo maana nataka lisimame kwenye makubaliano ya serikali na serikali, na nchi zetu za Afrika Mashariki zizungumze lugha moja.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu. Dada mmoja aliyefanya kazi Kuwait ameandika kwamba karatasi haifungui mlango uliofungwa, akakumbusha kuwa Januari 2023 Mfilipino mwingine aliuawa hukohuko na kutupwa jangwani, makubaliano yakiwepo. Dada, umesema kweli, na sina cha kukubishia kuhusu mwajiri. Mwajiri yuko mbali, hatumfikii. Ila wakala yuko hapa, ana ofisi, ana leseni. Mimi kifungu nataka kimkamate yeye: saa 72 zikipita binti hapatikani, wakala aandike barua ubalozini na nakala aipe familia, akilazwa hospitali, familia ijue ndani ya saa 24, asipofanya hivyo, leseni yake ihojiwe. Ule mkataba wetu ungekuwa na maneno hayo, dada yangu asingeambiwa ngoja Jumatatu.

Mpwa wangu anajiandaa kurudi, nyumba nyingine, wakala mwingine. Wakala huyo tulimpelekea maneno hayo yamechapwa kwenye nusu karatasi, akayasoma mara mbili, akasema atawauliza wenzake wa Muscat. Hajajibu. Wakati tunasubiri, binti ameziandika namba tatu kwa kalamu ya wino ndani ya mkoba wake, chini ya bitana: ya mama yake, yangu na ya ubalozi.

Mwenye mkataba ulio na kifungu cha namna hii, aweke maneno yake hapa tuyasome. Jina la mwajiri alifute.