Shule za vipaji maalumu: mtoto wa Kaliua anashindana na nani hasa?

Kaliua_Kwetu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoelewa uchaguzi wa kidato cha kwanza wanisaidie. Kwenye vikao vya wazazi huku magharibi kuna bishano lisiloisha. Wengine wanasema shule za vipaji maalumu, yaani zile sekondari za bweni za serikali zinazochukua waliofaulu zaidi, zifutwe: Tabora Boys na Tabora Girls ziko papa hapa mkoani Tabora, lakini mtoto wa kijijini Kaliua, au Uvinza kule Kigoma, anazisikia tu. Wengine wanasema zikifutwa atakayeumia wa kwanza ni huyo huyo mtoto maskini mwenye akili, kwa sababu baba yake hana pesa ya sekondari binafsi. Maswali yangu mawili. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anaachwa wapi hasa? Na kuna kitu gani kamati ya shule inaweza kufanya, mbali na kulalamika?

Mwl_Hesabu:
Mkuu, tuanze na alama, maana wengi wanabishana bila kuzihesabu.

Mtihani wa darasa la saba una masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni wastani wa A. Sasa chukua watoto wawili. Wa kwanza yuko shule ya kijijini, amepata 45 katika masomo matano na 22 katika Kiingereza. Jumla 247. Wa pili anasoma shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, amepata 42 katika hayo matano na 48 katika Kiingereza. Jumla 258. Wa kwanza kamshinda mwenzake Hisabati, Sayansi, Kiswahili, Uraia na Maarifa ya Jamii, na bado yuko nyuma kwa alama 11. Wote wana A, lakini nafasi zikiwa chache A haitoshi, zinaangaliwa alama zenyewe.

Hapo ndipo anapoachwa. Akili anayo, ila Kiingereza kwake ni kipindi cha ratiba, na mwenzake anaishi nacho kutwa nzima tangu chekechea. Tena huyo wa shule binafsi anaruhusiwa kushindania nafasi ya serikali sawa na mwingine yeyote. Mzazi aliyelipa ada miaka saba anapata sekondari ya bweni isiyo na ada. Simlaumu mzazi. Naulaumu mzani.

Mgao wa nafasi kwa mikoa umetumika nchini tangu miaka ya 1970, nao hautibu hili. Mgao wa mkoa hauoni ndani ya mkoa. Nafasi za Kigoma zinaweza kujazwa na watoto wa mjini, na aliyesoma Kalya, mbali kule kando ya Ziwa Tanganyika, akabaki takwimu. Ningekuwa na kauli, ningetenga sehemu ya nafasi kwa mtoto wa kwanza wa kila kata katika shule za serikali.

Najua mtasema wazazi watahamishia watoto kijijini darasa la sita ili wapande mgongo wa shule dhaifu. Watafanya hivyo, msiwe na shaka. Dawa yake ipo: ihesabiwe shule aliyofanyia upimaji wa darasa la nne. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na uhamisho wake unaonekana humo.

Bandari_Ujiji:
Mwalimu, hesabu yako ni safi ila umeruka jambo moja. Kidato cha kwanza kinafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto mwenye 22 ukimpeleka Ilboru, Januari anakutana na Fizikia na Biolojia kwa lugha asiyoielewa, na kozi ya lugha ya wiki chache haitoshi kuziba pengo la miaka saba. Kwa hiyo ile alama ya Kiingereza si uonevu mtupu, inatabiri kitu. Ukitenga nafasi bila kutenga msaada wa lugha, utakuwa umempa mtoto bweni na kumnyima darasa.

Halafu "bila ada" isitudanganye. Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016 na serikali inalipia chakula cha bweni, lakini fomu ya kujiunga ina orodha yake: godoro, shuka, ndoo, sare, viatu, madaftari, jembe au fyekeo, na nauli. Pima nauli kwa ramani. Shule za vipaji maalumu ni saba. Za wavulana ni Ilboru (Arusha), Kibaha (Pwani), Mzumbe (Morogoro) na Tabora Boys. Za wasichana ni Kilakala (Morogoro), Msalato (Dodoma) na Tabora Girls. Msichana wa Kakonko akipangiwa Kilakala, safari ya kwanza ni yeye na mzazi, kisha likizo zote. Wapo wanaochelewa kuripoti kwa sababu mzazi anasubiri kuuza mazao, na muda wa kuripoti ukipita nafasi anapewa mwingine. Kijiji kinachojivunia mtoto wake kichange mapema, Desemba majina yakitoka. Kusubiri Februari ni kumpoteza.

Cheyo_Mkongwe:
Vijana, mnaongea kana kwamba suala hili limeanza jana. Tabora Boys ilifunguliwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Uteule wa kwanza ulikuwa wa damu, wa alama ulikuja baadaye. Nyerere aliingia 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, kwa kufaulu mtihani, lakini msisahau kwamba naye alikuwa mtoto wa chifu. Kwa hiyo swali la nani amefika mlangoni akiwa tayari amebebwa ni la umri wa shule yenyewe.

Waingereza waliotuachia mtindo huu nao walibishana kwao. Sheria yao ya 1944 ikaeneza mtihani wa miaka 11 uliogawa watoto makundi, waliofaulu huku, waliobaki kule. Baadaye maeneo mengi wakauacha. England imebaki na shule 163 za namna hiyo, na sheria ya 1998 ikazuia kufungua mpya. Watoto wa familia maskini ni wachache mno ndani ya hizo zilizobaki, kwa sababu ile ile ya Mwl_Hesabu: mwenye pesa ananunua maandalizi.

Ila tofauti moja ni kubwa. Kwao, shule ya kawaida ina maabara na walimu. Kwetu, ukifuta shule saba leo, hujaiongezea shule ya kata ya Sikonge hata mwalimu mmoja wa Fizikia. Zikigawanywa fedha za shule saba kwa shule za kata za nchi nzima, kila moja itapata chaki. Mimi nasema zibaki. Ugomvi uwe juu ya mlango.

Selform_Tuu:
Naongeza kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: mlango ni miwili. Wa pili ni kidato cha tano, na shule hizo huchukua wanafunzi kutoka shule za kata.

Sifa za chini: awe na alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, jumla ya masomo saba bora isizidi pointi 25, na masomo ya tahasusi, yaani yale matatu atakayosoma kidato cha tano, yawe na pointi 3 hadi 10 bila F. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Mwenye C, C, D ana 10, anakidhi, lakini kwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) ya Tabora Boys asiweke godoro kwenye basi bado. Ushindani ni wa A na B.

Wanapoanguka ni hapa. Machaguo ya shule na tahasusi hujazwa akiwa bado shuleni, mara nyingi kwa haraka, na kwa kumwiga aliyekaa dawati la mbele. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili abadilishe. Mtoto wa mjini anabadilisha. Wa kijijini yuko shambani, hana intaneti, hajui hata kama dirisha limefunguliwa. Aliyejaza HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) akiwa na hofu ya Fizikia, kisha akapata A ya Fizikia, anabaki na HGL. Mkuu wa shule akiwaita siku moja na kompyuta mpakato moja, kazi ya darasa zima inaisha jioni.

Kaliua_Kwetu:
Nashukuru sana wakuu. Mzee wa Cheyo, umenipunguzia kelele za kikao kijacho. Mwalimu, kwa darasa la saba la watoto 60, ungeanza na nini? Bajeti ni ya kijiji, si ya mjini.

Mwl_Hesabu:
Vitu vitatu, mkuu.

Uji. Anayetembea kilomita 5 alfajiri, saa tano yuko darasani kwa mwili tu. Gramu 50 za unga kwa mtoto ni kilo 3 kwa siku kwa watoto 60. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 582, magunia sita ya kilo mia. Kaliua hamshindwi magunia sita.

Kiingereza, saa moja kila siku baada ya vipindi kuanzia darasa la tano. Msianze darasa la saba, mtakuwa mmechelewa. Wasome kwa sauti na waandike sentensi zao wenyewe, waachane na kukariri majibu ya mitihani iliyopita.

Kusiliba, yaani kutia kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu. Karatasi ya kila somo ina maswali 45. Maswali 40 ni ya kusiliba, alama moja moja, na matano ya kuandika, alama mbili mbili. Nunueni penseli HB halisi, mbili kwa kila mtoto, na vifutio laini. Penseli hafifu inaacha alama mashine isiyoisoma, kifutio kigumu kinachubua karatasi, na akisiliba herufi mbili kwenye swali moja amelipoteza. Anayeruka swali la 17 kisha akasiliba jibu la 18 kwenye mstari wa 17 anaharibu yote yanayofuata. Wapeni fomu za mazoezi kila Ijumaa, na msimamizi apite akiangalia namba tu, asiangalie majibu.

Na majina ya PREM yahakikiwe na vyeti vya kuzaliwa mapema. Herufi moja ikikosewa, mtaihangaikia hadi kidato cha nne.