Nashonesha suti ya harusi: kitambaa gani nichukue na fundi nampimaje kabla sijampa hela?

Kijana wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Ndugu yenu mambo yameiva, ndoa ni Moshi Jumamosi ile inayofuata baada ya Krismasi, mahari ilishamalizwa, kamati wanaendelea na vikao vyao, upande wangu kilichobaki ni suti tu. Naishi Dar. Nataka kushonesha, ya dukani inanishinda maana mwili wangu una mgogoro, mabega mapana kiuno chembamba, nikipata koti linalokaa begani huku tumboni linapwaya, nikichukua linaloshika kiuno basi hata kujikuna siwezi.

Bajeti laki nne na nusu, kitambaa pamoja na ufundi. Nimepita Kariakoo wikiendi nikaonyeshwa vitambaa vimechapwa pembeni "Super 150", muuzaji anaapa ni sufu ya Italia halafu bei ya mita moja ni hela ya chipsi kuku, nikashtuka nikaondoka. Mwenzangu naye anataka bluu ya kung'aa iendane na mapambo ya ukumbi, mi moyo wangu uko kwenye kijivu au nyeusi. Wapambe wako wanne, je wote washonewe na huyo huyo fundi? Na hii ni mwanzo wa Oktoba, nina muda au ndo nishachelewa?

Msinicheke, mara ya mwisho kupimwa koti nilikuwa napata kipaimara. Nawasilisha.

mama wawili

Hongera sana kaka. Hilo la rangi mwambie wifi yetu taratibu kwamba bwana harusi hatakiwi kufanana na mapazia ya ukumbi 😂 tai na kitambaa cha mfukoni vinatosha kubeba hiyo bluu.

Chuma cha Reli

Mkuu usijitafutie presha. Chukua suti ya Kituruki dukani inayokukaa mabegani, mpe fundi mzuri abane kiuno na mikono, umemaliza ndani ya wiki. Fundi wa Bongo na neno "njoo kesho" unawajua au unawasikia? Shemeji yangu alichukua suti asubuhi ya harusi yenyewe, mkono mmoja bado una chaki, akaenda nayo kanisani hivyo hivyo. Kwa laki nne na nusu Uturuki inakutosha na chenji ya viatu inabaki.

Fundi Koti

Hapo juu Chuma amesema kweli nusu. Kiuno kinabanwa, mikono inafupishwa, suruali inapindwa, hayo ni ya kawaida. Bega ndo halirekebishiki, yaani linarekebishika ila ni kazi ya kubomoa mkono mzima na kola, mafundi wengi wataharibu. Kwa hiyo kama bega la dukani limekubali na tofauti ya kiuno ni ndogo, nunua. Kama unabana kiuno sana mifuko ya mbele inaanza kukimbilia mgongoni na mpasuo wa nyuma unabaki wazi. Mwili kama wa mleta uzi huwa naona ni wa kushonewa.

Mimi kazi yangu ni makoti, sijaja kutafuta wateja humu, kwa hiyo nieleze nikimaliza nilale.

Kitambaa. Hiyo Super inahusu wembamba wa unyoya wa sufu, namba ikipanda unyoya unakuwa mwembamba zaidi, kitambaa kinakuwa laini na pia kinakunjamana haraka na kuchakaa haraka. Hata ingekuwa ya kweli, Super 150 siyo ya mtu atakayepanda basi kwenda Moshi, kukumbatiwa na ukoo mzima halafu acheze mpaka usiku. Na hayo maandishi ya pembeni mtu yeyote mwenye kiwanda anaweza kuyachapa, hayana maana yoyote peke yake. Omba kipande kidogo, chomoa nyuzi za urefu na za upana, ziwashe na kiberiti nje ya duka. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizimia, majivu ukiyaminya yanasagika. Polista inayeyuka na kubaki kikokoto kigumu cheusi, hicho hakisagiki. Ikiwa na yote mawili ni mchanganyiko, na mchanganyiko siyo dhambi, ila ulipie bei ya mchanganyiko.

Kwa bajeti yako sufu tupu itakubana. Tafuta mchanganyiko wenye sufu ya kutosha, au ule wa polista na viskosi ambao madukani wanauita TR, chagua usiong'aa na wenye uzito kidogo, ukikiminya mkononi kwa nguvu ukaachia kiwe kinarudi. Upana ukiwa mita moja na nusu, koti na suruali vinakula mita 3 mpaka 3.5 kulingana na mwili, kizibao ongeza nusu mita au zaidi kidogo. Bitana usiisahau, watu wanahangaika na kitambaa cha juu halafu ndani fundi anaweka nailoni ya bei ya chini, unajikuta unavaa mfuko wa plastiki. Mwambie mgongoni aweke bitana nusu, chini ya hapo pabaki wazi mishono ikiwa imemalizwa vizuri. Desemba ni joto, hata kama Moshi juu kule usiku kuna kabaridi.

Kumpima fundi: achana na picha zake za Instagram, nyingi ni za watu wengine. Mwambie akuonyeshe koti analoshona sasa hivi, hata la mteja mwingine. Shika kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili, mbele na nyuma, uvute kidogo kama unavitenganisha. Ukisikia kuna tabaka la tatu linaelea katikati, huyo anatia kanvasi, yaani kitambaa cha ndani cha kushikilia umbo la kifua. Ukisikia vyote vimegandana kitu kimoja basi ni stifu ya gundi iliyobandikwa na pasi. Wengi tunatumia gundi, ni rahisi na haraka, ila gundi mbovu ikikutana na jasho na pasi ya dobi inaachia, kifua kinaota malengelenge na hayo hayatoki. Pia angalia michirizi, kama kitambaa kina mistari basi mistari ya mfuko ikutane na ya koti. Fundi asiyejali hilo hajali na mengine.

Na uliza nani anakata. Maduka mengi anayekupima siye anayekata, na anayekata siye anayeshona. Siyo vibaya, lakini uwe na uhakika anayekata amekuona ukiwa umesimama, maana futikamba haisemi kwamba bega lako la kulia liko chini au kwamba unasimama umeinama mbele.

bintiPangani

Huku kwetu Tanga kanzu, joho, kofia, mambo yameisha, mnajitesa bure 😄

Kijana wa Tabata

@bintiPangani ningeweza ningekuja huko huko, baba mkwe ni mzee wa kanisa.

@Fundi Koti ubarikiwe mkuu, umeandika kitabu. Swali, hiyo kujaribisha ifanyike mara ngapi? Fundi mmoja niliyeongea naye kasema anapima leo naenda kuchukua tayari baada ya wiki mbili.

Fundi Koti

Huyo muache. Koti la harusi lazima ulivae likiwa limepigwa bandi tu, uzi mkubwa mweupe wa kushikizia, halina vifungo wala bitana, mkono mmoja umeshikizwa. Hapo ndo kila kitu kinaweza kubadilika bila kubomoa. Akishapiga cherehani na bitana juu, anachoweza kukufanyia ni vidogo vidogo na anakufanyia kwa kununa. Halafu urudi tena likikaribia kuisha.

Siku ya bandi nenda na shati lenyewe na viatu vyenyewe, siyo ndala. Usisimame kama askari, simama unavyosimama siku zote. Angalia kola ya nyuma isiache nafasi na shati. Sogea pembeni mwa ukuta, kama pedi ya bega inagusa ukuta kabla ya mkono wako basi bega limezidi. Funga kifungo cha juu (cha chini hakifungwi kamwe, waambie na wapambe), ikitokea alama ya mikunjo inayotengeneza X tumboni basi limebana. Mkono wa shati uonekane kama sentimita moja hivi.

Halafu nyanyua mikono kama unamkumbatia mtu. Hapa wateja wengi wanakosea, wakiona linabana wanasema "fundi shusha kwapa". Kwapa likishuka ndo linazidi kuvuta, ukinyanyua mkono koti zima linapanda shingoni. Kwapa la juu lililokaa karibu na mwili linakuachia mkono ucheze wenyewe. Siku ya kwanza utaliona geni, utazoea.

Na mwambie aache akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma wa suruali na wa mgongo wa koti. Maharusi wanakonda na vikao au wananenepa na send-off, sijawahi kuona aliyebaki vile vile.

Lenzi ya Kati

Mimi napiga picha za harusi, niongezee ya upande wangu. Bluu ya kung'aa ikipigwa flashi au zile taa za LED za ukumbini inatoa mng'ao mweupe magotini, mabegani na kwenye mikunjo ya kiwiko, na kwenye kuhariri haitoki vizuri. Nyeusi tupu nayo jioni inameza kila kitu, kola na mifuko havionekani, unakuwa kivuli chenye kichwa. Kijivu cha mkaa au bluu iliyokolea isiyong'aa ndiyo inayokaa vizuri mchana kanisani na usiku ukumbini.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekifikiria: muulize bibi harusi gauni lake ni jeupe kabisa au ni la krimu. Kama ni la krimu na wewe ukavaa shati jeupe pee, kwenye picha gauni lake linaonekana limefubaa kama halijafuliwa, na lawama utabeba wewe na mimi. Nenda na kipande cha kitambaa cha gauni ukanunue shati.

Wambui wa Ngara

Niko Nairobi lakini hii story ya wasimamizi naijua. Kama mnataka suti zifanane nunueni kitambaa chote siku moja, kwa duka moja, kutoka jora moja. Cousin yangu walinunua Biashara Street ya watu watatu, wakarudi baadaye kuongezea ya wa nne, ile ile namba, muuzaji akasema ni ile ile. Kwa duka ikakaa sawa. Kutoka nje kwa jua huyo mmoja akawa anaenda kwa zambarau. Rangi hubadilika kidogo kila kiwanda kinapotia upya.

Ama wasimamizi wavae rangi tofauti kabisa na bwana harusi, hapo hakuna mtu atalinganisha.

Chuma cha Reli

@Wambui hiyo ya mwisho ndo ya maana. Wapambe wavae za dukani kijivu nyepesi, bwana harusi ashonewe yake peke yake. Kumpa fundi mmoja makoti matano kuelekea Krismasi ni kujichimbia shimo.

Fundi Koti

Naunga mkono. Kuanzia katikati ya Novemba meza ya fundi ina nguo za Krismasi, vitenge vya kamati za harusi zote za mji, na sare za shule za Januari. Oktoba hii una muda mzuri, ila pima ndani ya wiki hii au ijayo, bandi iwe kabla Oktoba haijaisha, na mwambie harusi ni mwishoni mwa Novemba. Siyo uongo wa kwenda motoni huo. Advansi nusu, iliyobaki ukishalivaa limekamilika, na aandike kwenye risiti tarehe ya bandi na tarehe ya kuchukua. Kitambaa nunua mwenyewe, na mkiwa mnakata awepo mtu wako kama unaweza.

suti ya Karume

Mmeisahau mitumba. Nenda Karume asubuhi na mapema, kuna makoti ya sufu tupu yenye kanvasi ndani ambayo mtu wa Ulaya kavaa mazishini tu. Mpe fundi abane. Hela ya bia.

mama wawili

@suti ya Karume bwana harusi avae koti la mazishi? 🙆🏽‍♀️ Mwacheni kaka wa watu.

Kijana wa Tabata

Wakuu nimerudi na majibu. Nimeenda Kariakoo leo mchana na kiberiti mfukoni. Ile ya "Italia" imeyeyuka ikaniachia kikokoto kwenye kiganja, muuzaji akanicheki akasema "hiyo ni sufu ya kisasa bosi". Duka la pili mtaa wa nyuma kuna mama mmoja hakuapa chochote, kasema hii ni mchanganyiko, ina sufu kidogo, nimeichoma ikanuka nywele na kubaki na vipunje vichache vigumu. Kijivu cha mkaa, haing'ai, nimechukua mita nne nipate na kizibao.

Mwenzangu nimemtumia picha WhatsApp, kakaa kimya dakika kadhaa halafu kajibu "sawa ila tai nachagua mimi". Nimekubali. Gauni ni la krimu kweli, @Lenzi ya Kati umeniokoa, shati nitaenda naye.

Wapambe wananunua za dukani, nimewapa rangi tu. Fundi nimepata wa pili niliyemtembelea, koti lililokuwa mezani nimelivuta kifuani kama ulivyosema, tabaka la katikati lipo. Kasema bandi ni tarehe 24, kaandika kwenye risiti bila kununa.

La mwisho, kulisafirisha. Napanda basi. Nilikunje vipi?

Fundi Koti

Usilikunje. Hanga pana yenye mabega ya mviringo, mfuko wake wa nguo, ulitundike ndani ya basi pale karibu na kiti chako, ukiomba vizuri konda atakuelewa. Ukikosa pa kutundika, geuza bega moja ndani nje, ingiza la pili ndani yake, bitana ibaki nje, ulaze juu ya begi na kitu kingine kisikae juu yake. Ukifika litundike bafuni wakati unaoga maji ya moto, mvuke utaachia mikunjo. Dobi wa kule asikuwekee pasi kavu kifuani, aweke kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati.

Na mifuko ya nje ikija imeshonwa imefungwa usiifumue, uache hivyo hivyo, simu mpe mpambe.