Kupamba bedsita bila kupiga msumari, kwa shilingi 1,500

DadaWaUmoja

Hamjambo wadau. Nina bedsita ya futi 10 kwa 12, ukuta wa upande wa kitanda ni mtupu. Kerateka (msimamizi wa nyumba) hataki kuona msumari, na rangi ikibanduka inakatwa kwenye deposti. Selotepu ya pande mbili haimalizi wiki: picha inaanguka, na rangi inaondoka nayo.

Natafuta vitu vitatu. Kwanza, pambo moja kubwa la juu ya kitanda. Pili, bakuli la kutupia funguo na sarafu (la magazeti na gundi ya unga liliota ukungu ndani). Tatu, pazia la kukinga kitanda na upande wa jiko. Vilivyopo: leso jozi moja haijakatwa, katoni mbili kubwa, magazeti tele, chupa kadhaa za glasi. Bajeti ni 1,500 na singependa iishe yote.

Fundi_Msasa

Karibu dada. Ukuta ndio utakaokuambia utundike nini, kwa hivyo anzia hapo. Nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi zina rangi mbili kwenye ukuta mmoja: chini, mpaka kama usawa wa kifua, rangi ya mafuta inayong'aa, kuanzia hapo kwenda juu, rangi ya maji, mara nyingi iliyozimuliwa sana. Pitisha kiganja kwenye ile ya juu. Kikitoka cheupe, ujue selotepu inashika unga tu, ukuta wenyewe haijaugusa. Hata ununue ya bei ghali, itaanguka.

Kwenye rangi ya mafuta inashika vizuri, lakini kwa vitu vyepesi pekee. Osha kwa kitambaa chenye sabuni, futa kwa maji safi, acha pakauke kabisa, bandika, kisha kandamiza kwa kidole gumba urefu wote. Ukitaka kuitoa, usiivute kuja kwako. Ile nyembamba ivute polepole ikilala sambamba na ukuta. Ile nene ya sponji pitishia uzi wa nailoni nyuma yake, uuvute huku na huku mpaka ikatike, halafu sugua mabaki kwa kidole.

Kwa kitu kizito, swali ni dari yako. Kama ni zege, unaweza kusimamisha nguzo mbili bila kutoboa chochote. Nunua mbao za inchi 2 kwa 2, futi 9 kila moja, Gikomba au kwa muuza mbao yeyote wa mtaani. Pima urefu mahali penyewe nguzo itakaposimama, kwa sababu sakafu na dari haziko sawa kila sehemu. Kata ubao ukiwa mfupi kwa sentimita 4. Weka kipande cha slipa kuukuu juu na kingine chini, kisha jaza nafasi inayobaki kwa kabari mbili nyembamba zinazotazamana, ukizigonga kwa zamu. Simama nguzo inapokataa kusogea kwa mkono. Ukizidi kugonga, plasta ya juu inapasuka, na hapo deposti umeiaga. Baada ya hapo misumari yote unapiga kwenye nguzo, na kerateka hana la kusema.

Kama dari ni ya bodi au mabati, usijaribu. Bodi inainuka na kuvunjika.

Pindo_na_Mji

Usikate leso kabla ya kuamua unataka kuona nini. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukitaka pindo (ukingo wa kuzunguka), mji (sehemu ya kati) na jina (maandishi) vionekane vyote, fremu inakuwa karibu ukubwa wa leso nzima, na hiyo ni nzito na ni kubwa kwa chumba chako. Mimi ningechagua mji peke yake, au kona moja ya pindo yenye ua zuri, kwenye fremu ya 90 kwa 60. Na jina likikatwa katikati, kila mgeni atasimama kubahatisha mwisho wake, heri uliache nje kabisa.

Fua kwanza. Leso mpya ina dawa ya kiwandani inayoifanya iwe ngumu, na inaweza kunywea kidogo ikifuliwa. Ukiivuta kwenye fremu bila kuifua, siku ikipata unyevu italegea na kufanya mikunjo. Maji baridi, ioshwe peke yake, rudia mpaka maji yatoke bila rangi. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi. Piga pasi ikiwa na unyevu bado, ukifuata uzi wa kitambaa. Ukivuta pasi kwa mshazari, michoro inapinda na hairudi.

Fremu ya mbao: mbao ya inchi 2 kwa 1, vipande viwili vya sentimita 90, na vitatu vya 50 (viwili vya mwisho na kimoja cha katikati). Jumla ni sentimita 330, kwa hivyo nunua futi 12 upate na ya kuharibika. Ukishaunga, pima kutoka pembe hadi pembe iliyo mkabala. Pande zote mbili zisome karibu sentimita 108. Zikitofautiana, fremu imeenda upande. Isukume kabla gundi haijakauka.

Kitambaa kata 106 kwa 76, yaani sentimita 8 za ziada kila upande. Laza leso kifudifudi, fremu juu yake. Piga pini moja ya stapla katikati ya upande mrefu, kisha katikati ya upande wa pili, halafu pande fupi. Geuza uangalie mbele. Hapo ndipo mistari ya mchoro inapokuambia ukweli: ukiona mstari umepinda ng'oa pini moja tu urekebishe, maana mbele ya safari utang'oa kumi. Kutoka katikati nenda ukielekea pembe, pini moja huku, moja kule, kila baada ya sentimita 4. Wengi huanzia pembeni, na kitambaa cha ziada kinajikusanya katikati ya fremu. Fundi wa sofa wa mtaani ana stapla ya mbao na hiyo ni kazi ya dakika chache kwake. Kama humpati, tumia misumari ya nusu inchi.

Fremu hiyo ina uzito wa karibu kilo mbili. Hata kwenye rangi ya mafuta, usiitegemeze kwa selotepu.

DadaWaUmoja

Asanteni. Dari ni bodi, kwa hivyo nguzo zimekufa. Kiganja kimetoka cheupe. Kwenye dirisha kuna bomba la pazia lililowekwa na mwenye nyumba, limeingia ukutani kwa skurubu. Ukuta mtupu uko mkabala na dirisha, bomba halifiki huko.

Karatasi_Ngumu

Basi acha mbao, tumia katoni ulizonazo. Siri iko kwenye ile mistari ya mawimbi iliyo ndani ya katoni. Kata vipande viwili vya 90 kwa 60, kimoja mistari yake ikienda wima, kingine ikilala. Vikibandikwa hivyo vinazuiana kukunjika. Vyote vikielekea upande mmoja, ubao utapinda ndani ya siku chache.

Tumia gundi nyeupe ya mbao, ipake kwa brashi ikiwa nyembamba, usiimwage. Maji yakizidi katoni inalainika. Weka sakafuni kwenye usawa, funika na gazeti, pakia vitabu au mtungi wa maji juu yake usiku kucha. Kisha bandika karatasi kwenye pande zote mbili, hata nyuma isikoonekana, kwa sababu karatasi ikikauka inavuta, na ikivuta upande mmoja ubao unajikunja kuelekea huko. Hapo ndipo ubao mwingi wa katoni huharibika, halafu lawama zinaenda kwa gundi. Leso itandaze mbele ya ubao, ikunje nyuma na uibandike mgongoni tu. Gundi ikiingia upande wa mbele inaacha madoa.

Kwa katoni za kawaida ubao wote utakuwa kama nusu kilo. Usiutundike. Usimamishe juu ya ubao wa kichwani wa kitanda ukiegemea ukuta. Kama kitanda hakina, usimamishe juu ya kreti mbili za mbao nyuma ya mto.

Sasa bakuli. Ukungu unatokana na mambo mawili: matabaka mengi kwa mara moja, na kukausha kivulini. Kati ya Juni na Agosti jua la Nairobi ni la kubahatisha, na karatasi nene inabaki na maji ndani huku nje imekauka. Gundi yenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vitano vya maji. Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Vile vinne vichemshe, mimina mchanganyiko humo ukikoroga, acha dakika tatu mpaka ugeuke kutoka weupe wa maziwa na uwe na uzito wa uji wa kunywa. Kijiko kikubwa cha chumvi, na kijiko cha siki ukipata. Unga wa mahindi haufai, punje zake hazishiki. Gundi ikianza kunuka, mwaga.

Pasua gazeti kwa mkono, usikate kwa makasi. Ukingo uliopasuliwa unalala, uliokatwa unaacha mstari. Paka mafuta ya kupikia nje ya bakuli la plastiki, bandika matabaka matatu, kausha mpaka likigongwa litoe sauti kavu, kisha matatu mengine. Sita yanatosha kwa funguo. Mwisho ni lazima: gundi nyeupe mara mbili, ndani na nje. Unga ni chakula, na mende wa Nairobi hawahitaji mwaliko.

Mkonge254

Chupa nazo unaweza kuzipamba kwa kuzizungushia kamba nyembamba ya mkonge, soko la Kariokor au duka la vifaa vya ujenzi. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 7.5 na kamba ya milimita 2, ukitaka kufunika sentimita 15, inakula kama mita 18. Kata 20. Anzia chini uende juu, kila mzunguko ukikalia uliotangulia. Ukianzia juu, begani kamba inateleza gundi ikiwa bado mbichi.

Vinyweleo vya mkonge watu huvichoma kwa mshumaa. Sawa, lakini kwa gundi nyeupe tu na ikiwa imekauka. Kama umetumia gundi ya viatu, weka mshumaa mbali kabisa, ile inashika moto. Makasi yanatosha.

Na ukiweka maji, usijaze chupa mpaka shingoni. Maji yakimwagikia mkonge, unanuka.

Fundi_Msasa

Pazia nalo: hata kama bodi ya dari imepigiliwa kwenye mbao, bado usining'inize kitu hapo, hujui zilipo. Tengeneza fremu inayosimama yenyewe: nguzo mbili za 2 kwa 2 za futi 6 na nusu, fito ya juu ya futi 4, na kila nguzo iwe na mguu wa futi 2 uliolala sakafuni kwa mkato na fito, mbele na nyuma. Unga mguu na nguzo kwa kipande cha plaiwudi chenye pembe tatu kila upande. Msumari peke yake utalegea kwa kuyumba. Ya mguu mfupi inaanguka mtu akilivuta pazia.

Leso ya pili ya jozi itatosha hapo. Ikiwekwa wima inashuka sentimita 150, inabaki nafasi chini ya kufagilia. Tatizo, jina litasomeka kwa kuinamisha shingo. Kama hilo linakukera, ilaze, halafu ongeza amerikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) chini.

Iache mbali na gesi angalau mita moja, na ukipika ikusanye ufunge. Pamba haiungui taratibu. Mbao za fremu hiyo ni kama futi 21 ukijumlisha miguu, kwa hivyo bei uliza kwanza kabla hujanunua kamba na gundi. Hiyo ndiyo itakayomeza bajeti yako. Vipande vya plaiwudi omba kwa seremala, huwa anavitupa.