spark-submit inameza vigezo kimyakimya, siku tatu zangu zimeteketea!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Jumatatu nilikabidhiwa skripti ya PySpark (Python ya Apache Spark, mfumo wa kuchakata data kwenye mashine nyingi kwa pamoja) ya kufunga hesabu za mwezi. Nikaituma kwa spark-submit, amri ya Spark ya kutuma kazi, kwenye klasta yetu (kundi la mashine) inayosimamiwa na YARN, hivi:

spark-submit --master yarn ripoti.py 2024-03-31 --executor-memory 8g --num-executors 10

Ikaenda dakika 40, ikafa: java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space, yaani kumbukumbu imeisha. Nikapandisha 8g ikawa 12g, ikafa palepale. 16g, ikafa. Nikaamini kweli kumbukumbu haitoshi, maana hakuna mstari hata mmoja ulioniambia vingine. Bosi alishaanza kuandika ombi la kununua seva mpya. Hela za watu zilikuwa zinatoka bure!

Jumatano usiku ndipo nikafungua ukurasa wa Executors wa Spark, unaoonyesha eksekyuta, yaani michakato inayofanya kazi yenyewe kwenye klasta. Ukiacha draiva (programu inayoongoza kazi), eksekyuta ni mbili tu, kila moja 434.4 MiB za Storage Memory, ambazo ni sehemu tu ya GB 1. Mbili! Mimi niliomba kumi. Nikarudia amri na --verbose mbele, nikaona kwa macho yangu: executorMemory null. Na kule kwenye childArgs, orodha ya vinavyopelekwa kwa skripti, vigezo vyangu vyote vimelundikwa pamoja na tarehe.

Kumbe chochote kinachofuata jina la skripti, spark-submit haikigusi, inakikabidhi kwa skripti yenyewe. Yetu inasoma sys.argv[1] tu, ile tarehe, vingine haina habari navyo. Muda wote huo nilikuwa naendesha kwa viwango vya msingi: eksekyuta 2, GB 1 kila moja.

Mtakaokuja na "soma nyaraka", nimesoma, na mpangilio umeandikwa. Sawa. Lakini Spark, mfumo ulioanzishwa Berkeley mwaka 2009, watu wanautegemea dunia nzima, unashindwaje kutoa onyo la mstari mmoja ukiona --executor-memory, kigezo chake wenyewe, kimekaa upande usio wake? Logi inamwaga mistari ya INFO mpaka macho yanauma, halafu hili ndilo inalinyamazia!

Na mshauri aliyekuja kutufundisha, mwongozo wake umeweka vigezo mwishoni karibu kila ukurasa. Tumemlipa kwa hilo. Wenzangu wawili walioondoka mwaka jana waliambiwa hawajui kazi kwa tatizo hilihili. Hapo ndipo roho inaniuma zaidi.

Iwe hivi:

spark-submit --master yarn --executor-memory 8g --num-executors 10 ripoti.py 2024-03-31

Imemaliza kabla chai yangu haijapoa.

Chungulieni na ndani ya skripti. Mkikuta .master("local[*]"), futeni, kwa sababu kilichoandikwa kwenye kodi kinaishinda amri, na kazi itabaki kwenye mashine moja huku klasta nzima imelala. Mimi leo nimehamishia skripti zetu zote kwenye argparse, maktaba ya Python ya kusoma vigezo: ikikutana na kigezo isichokijua inagoma papo hapo, tena kwa sauti.

Nani mwingine kapewa mwongozo wa namna hii? Semeni, nataka kujua tuko wangapi.