Ushauri: tunachangia kanisa jipya huko Handeni, tutajuaje kazi inasimama kweli?

Bwana asifiwe wapendwa. Sisi ni kikundi cha maombi hapa Dar, tunamsaidia mwinjilisti anayefungua kanisa kijiji kimoja cha Handeni, posho tunatuma kila mwezi na sasa anaomba mabati. Ripoti zinakuja WhatsApp, picha za mkutano wa injili na idadi ya waliookoka, watu wanajibu amina basi. Mi ndo mweka hazina na hela za watu nazionea uchungu, kuna mama anauza maandazi na mchango wake haukosi. Simtuhumu mtumishi, nataka tu kujua tuangalie nini kabla ya kununua bati. Mlio kwenye hii kazi naombeni ushauri.

Mzee wa Kanisa: Hongera mweka hazina, hata Paulo 2 Wakorintho 8:20-21 aliangalia asije akalaumiwa kwa sadaka aliyoisimamia. Idadi ya walionyoosha mikono iacheni kwanza. Nendeni jumapili ya kawaida, isiwe siku ya mkutano wenye spika za kukodi, kaeni na washirika muwaulize, mwinjilisti akiugua nani anaongoza ibada? Akisimama mwenyeji akafungua Biblia akafundisha watu wakamsikiliza, hapo kuna kanisa. Henry Venn, kiongozi wa CMS, shirika la umisheni la Waanglikana wa Uingereza, alilisema hili karne ya 19, kanisa changa lijiongoze, lijitegemee, lijieneze.

Dada Neema wa Tanga: Kiwanja ni cha nani? Nimeona jengo limeisha zuri kabisa halafu mtumishi kahama dhehebu na jengo lake, maana ardhi iliandikwa jina lake. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, kwa hiyo ombeni muhtasari wenye mhuri, na jina liwe la bodi ya wadhamini ya kanisa iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali anayesajili wadhamini. Bila hiyo karatasi msitoe hata bati moja.

Mwinjilisti wa Porini: Nawaomba msimkatie posho ghafla. Huku kwetu sadaka inafuata mavuno, watu wakivuna wanaleta mahindi debe kwa debe, kuku, mihogo, ila mwezi wa pili chakula kimeisha majumbani na kapu linarudi halina kitu, mtu wa mjini akisoma daftari la mwezi huo atasema kanisa limekufa. Angalieni mwaka mzima. Kubalianeni posho ipungue kidogo kidogo, na wenyeji wafyatue matofali wasimamishe kuta ndo nyie mlete bati.

Kijana wa Kilindi: Na washirika wametoka wapi? Kama wengi ni wa kanisa la jirani mnalipia kuhama tu, someni Warumi 15:20, Paulo hakutaka kujenga juu ya msingi wa mtu mwingine.

Mtoa mada: Asanteni mno, la kiwanja na la daftari la mwaka nayapeleka kikaoni jumamosi. Mwinjilisti, posho ikipungua matibabu ya watoto wake nani anabeba?

Mwinjilisti wa Porini: Kwetu jimbo la kanisa lilibeba bima ya afya, posho ikabaki kwa washirika. Ongeeni na mchungaji wa jimbo lake kabla hamjaenda, na mtumishi mwenyewe awepo.